Tuwaachie wachezaji seva

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Ni juu ya gemu za kompyuta, hasa zile za zamani, na swali ambalo wanaprogramu wenzangu hapa Kisii na Nyamira hawapendi kuliuliza: kwa nini gemu ya mwaka 2003 bado inachezwa na watu pamoja mtandaoni hadi leo, na nyingine iliyotoka mwaka 2014 iliacha hata kufunguka mwaka 2024?

Jibu la haraka ambalo wengi hunipa ni kwamba gemu nzuri hudumu na mbaya hufa. Silikubali. Gemu nyingi nzuri zimekufa zikiwa na mashabiki tele, na zipo za kawaida kabisa zinazoendelea kuishi. Tofauti iko kwenye kitu kimoja cha kiufundi: je, wachezaji wenyewe wanaweza kuwasha seva? Pale wanapoweza, gemu huwa mali ya jamii. Wasipoweza, gemu hiyo imekodishwa tu, na siku mwenye nyumba akifunga mlango, hakuna wa kumwuliza.

Nianze na ile ambayo kila mtu wa rika langu anaijua. Ukiwa umekulia Kisii mjini, Keroka au Nyamira na uliwahi kuingia saiba baada ya shule, basi unaijua Counter-Strike 1.6. Haikuanza kama bidhaa ya kampuni. Vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliitengeneza mwaka 1999 kama nyongeza ya gemu nyingine, Half-Life ya mwaka 1998. Kampuni ya Valve iliinunua mwaka 2000, na toleo la 1.6 likatoka mwaka 2003. Mahitaji yake ni kichekesho kwa viwango vya leo: prosesa ya megahezi 500 na RAM ya megabaiti 96. Kompyuta kuukuu zilizoletwa kutoka Ulaya, ambazo leo haziwezi kufungua vizuri hata ukurasa wa benki, ziliiendesha bila shida.

Lakini kilichoifanya iishi kwenye saiba zetu si wepesi wake tu. Valve walitoa programu ya seva bure. Mwenye saiba alichagua kompyuta moja, akaiwasha kama seva, akaweka sv_lan kuwa 1, na kompyuta nyingine zikaiona moja kwa moja kupitia mlango namba 27015. Intaneti haikuhitajika. Mvua ya Kisii inanyesha, mtandao umepotea, lakini kama stima ipo vijana kumi wanaendelea kupigana kwenye de_dust2 kana kwamba hakuna kilichotokea. Tusifichane, nakala nyingi za saiba hazikuwa halali, na hilo silitetei. Ninachosema ni kwamba ule muundo wa kumpa mchezaji seva ndio ulioifikisha gemu mahali ambapo kampuni yenyewe isingefika kamwe.

Na tazama kilichofuata. Mashabiki waliandika AMX Mod X, ambayo humwezesha mwenye seva kuongeza sheria na aina mpya za mchezo. Wengine waliichunguza seva ya Valve kipande kwa kipande na kuandika yao, ReHLDS, ambayo msimbo wake uko wazi. Wengine tena wakaandika injini inayoitwa Xash3D, na sasa Half-Life inaweza kuendeshwa kwenye simu ya Android. Hakuna kampuni iliyowalipa. Walifanya kwa sababu waliipenda, na kwa sababu palikuwa na mahali pa kushika.

Wakati mwingine mahali pa kushika hapapo, inabidi mashabiki wapachonge wenyewe. Mfano wangu ninaoupenda ni Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006. Hapa kwetu mpira ni mpira, na PES ilichezwa kwenye vibanda vya gemu kila mahali, shilingi kadhaa kwa mechi, anayeshindwa anaamka. Konami walipoachana na seva zake, mchezo wa mtandaoni ulipaswa kuisha. Mashabiki wakaandika seva yao kwa Python, wakaiita Fiveserver, na msimbo wakauweka wazi.

Nieleze jinsi kazi ya namna hiyo inavyofanyika, kwa sababu watu hudhani ni uchawi. Gemu ya mtandaoni ikiwashwa hutafuta jina la seva ya kampuni. Jina hilo hugeuzwa kuwa anwani ya namba. Wewe unafungua faili la hosts kwenye kompyuta yako, unaandika kwamba jina lile sasa linaelekea kwenye anwani nyingine, yaani seva ya mashabiki. Gemu haijui tofauti. Inabisha hodi, inasema, "Mimi ni mchezaji fulani, neno la siri ni hili, nipe orodha ya vyumba." Seva ya mashabiki lazima ijibu kwa lugha ileile hasa, baiti kwa baiti. Ili kuijua lugha hiyo, mtu alikaa na programu ya kunasa pakiti kama Wireshark wakati seva halisi bado iko hai, akarekodi mazungumzo, kisha akayasoma polepole: baiti hizi ni urefu wa ujumbe, hizi ni aina yake, hii ni namba ya kuhakiki. Ni kazi ya miezi, na mara nyingi miaka. Na angalia sharti lililojificha humo ndani: lazima uanze kabla seva haijazimwa. Ikishazimwa bila mtu kurekodi, unakuwa kama mtu anayejaribu kujifunza lugha ambayo mzungumzaji wake wa mwisho amezikwa.

Ndiyo maana habari za kuzimwa kwa seva zinanihuzunisha kuliko wengi wanavyodhani ni lazima. Mwaka 2014 kampuni ya GameSpy ilifunga huduma yake ya kuwakutanisha wachezaji, na gemu nyingi zilizoitegemea zikaachwa bila mlango kwa siku moja. Zilizookoka ni zile ambazo kampuni zao zilizihamisha, au ambazo mashabiki waliandika mbadala. Kisha ikaja The Crew, gemu ya mbio za magari ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa. Gemu hiyo ilihitaji seva hata ukiendesha gari peke yako, kwa hiyo waliolipa pesa zao wakabaki na ikoni. Hasira iliyofuata ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, na mwaka 2025 ombi lake kwa Tume ya Ulaya lilivuka sahihi milioni 1. Wanachoomba ni kidogo: kampuni ikimaliza kuhudumia gemu, iiache katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuicheza.

Inawezekana? Imeshawezekana. City of Heroes ilizimwa na NCSoft mwaka 2012. Mwaka 2019 seva za mashabiki zilijitokeza hadharani, kubwa yake ikiwa Homecoming, na mwezi Januari 2024 NCSoft wakaipa leseni rasmi. EA nao mwaka 2020 walitoa msimbo wa Command & Conquer za mwanzo chini ya leseni ya GPL, na mwezi Februari 2025 wakaongeza nyingine, Generals ikiwemo. Doom ilifunguliwa msimbo tangu mwaka 1997, na hadi leo watu wanaibeba kutoka mashine moja hadi nyingine. Sijasikia kwamba wamiliki wa gemu hizi wamefilisika kwa ajili ya ukarimu huo.

Sasa utaniambia, ndugu, haya ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu mara mbili. Kwanza kwa sababu ya mahali tulipo.

Mwangaza ndani ya mkongo wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni kilomita 13,600, yaani milisekunde 68, na hizo ni hesabu za Mungu, kabla ya ruta hata moja kugusa pakiti yako. Mkongo wenyewe haunyooki: unashuka Mombasa, unaingia baharini, unazunguka. Kwa hiyo ping halisi huzidi hapo sana. Kijana wa Ogembo anayecheza kwenye seva ya Ulaya anapigwa risasi kabla hajaona adui akitokea, halafu anaambiwa hajui kucheza. Seva hiyohiyo ikiwa Nairobi, umbali wa mwangaza kwenda na kurudi ni milisekunde chache tu. Ikiwa chumba kimoja na yeye, chini ya milisekunde moja. Hakuna bando litakalobadilisha fizikia. Kitakachobadilisha ni ruhusa ya kuweka seva karibu.

Tena mkongo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku hiyo gemu zote zinazotegemea seva za mbali zilikuwa picha tu kwenye skrini. Gemu ya zamani inayokubali kuendeshwa ndani ya nyumba haikujua kama kuna kilichokatika. Sisi, tunaoishi mwisho wa waya, ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kudai gemu zisizohitaji ruhusa ya ng'ambo kila zikiwashwa. Ajabu ni kwamba tumewaachia Wafaransa na Wamarekani hoja ambayo inatuuma sisi zaidi.

Sababu ya pili ni kwamba sisi pia tunatengeneza gemu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D iliyotengenezwa hapahapa Kenya, wakati ambapo wengi wetu hatukujua kama jambo hilo linawezekana. Ilikuja Ma3Racer ya Planet Rackus, ambapo unaendesha matatu ukikwepa watu na magari, ikapakuliwa kutoka duka la Nokia. Mwaka 2015 ikaja Nairobi X ya Andrew Kaggia na Black Division Games. Hizo ni kazi za waanzilishi. Ni historia yetu, sawa na kanda za kwanza za benga au riwaya za kwanza za Kiswahili.

Lakini duka la Nokia lilifungwa mwaka 2015 na wateja wake wakahamishiwa duka la Opera. Gemu ya simu iliyouzwa kwenye kaunta ile ilipoteza kaunta, na simu zenyewe za Symbian ziko kwenye droo za mama zetu, betri zimevimba. Anayechapisha kitabu Kenya anatakiwa na sheria kukabidhi nakala kwa serikali. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya karatasi. Gemu haina Msajili wa kuihifadhi, ina mashabiki tu, na mashabiki hawawezi kuhifadhi wasichokabidhiwa. Hata Marekani, penye maktaba na fedha, utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zao za zamani hazipatikani tena sokoni. Sisi tusio na chochote cha kuzihifadhi tutasemaje?

Mfano wa karibu zaidi. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, wenzangu wanne waliandika gemu ya bodaboda. Unabeba abiria kutoka Daraja Mbili kwenda Nyanchwa, Mwembe, Suneka, unashindana na wengine walio kwenye simu zao, abiria wanakutukana kwa Ekegusii safi kabisa. Watu waliipenda, bweni zima lilikuwa linaicheza. Mechi zake zilipitia huduma ya bure ya kampuni moja ya nje. Siku moja kampuni ikatuma barua pepe kwamba huduma inafungwa baada ya siku 60. Wenzangu walikuwa wameshatawanyika, mmoja Nairobi, mmoja Qatar. Leo ukifungua ile gemu, kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi. Yale matusi ya Ekegusii, ambayo hayamo kwenye gemu nyingine yoyote duniani, yamefungiwa ndani ya faili ambalo halina wa kulijibu.

Huwa nasikia pingamizi tatu, nizijibu moja moja.

La kwanza: mwenye gemu ana haki yake, na kuandika seva ya mashabiki ni wizi. Haki ya mwenye kazi naiheshimu, mimi mwenyewe naishi kwa kuandika programu. Lakini kunakili gemu usiyoinunua ni jambo moja, na kuifanya gemu uliyoinunua iendelee kufanya kazi ni jambo lingine. Hata Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua tofauti hiyo: mwenye nakala halali ya programu anaruhusiwa kuweka nakala ya akiba, na kuifumua kwa lengo la kuiwezesha kufanya kazi na programu nyingine.

La pili: ukitoa seva, wachezaji wa hila watajaa. Ni kweli, watakuja. Lakini kwenye seva ya mtaa mwenye seva anamjua anayecheza hila kwa jina, na anajua mama yake anauza wapi. Hakuna mfumo wa kampuni uliowahi kuwa mkali kuliko huo.

La tatu: vijana wa sasa wako kwenye Free Fire na PUBG, nani anajali gemu za zamani? Free Fire ya leo ndiyo gemu ya zamani ya kesho. Mtoto wa darasa la sita pale Nyamira anayenunua nguo za mhusika wake kwa pesa za M-Pesa, siku seva zikizimwa, atabaki na nini mkononi? Tunapotetea ya zamani tunamtetea yeye.

Kwa hiyo wanaprogramu wenzangu, hasa mlio Chuo Kikuu cha Kisii na vyuo vingine hapa kwetu, na mnaotengeneza gemu usiku baada ya kazi, naomba mambo manne.

1. Andikeni gemu ambayo upande wa seva ni programu inayojitegemea, inayoweza kuwashwa kwenye laptopu ya kawaida. Anwani ya seva iwe kwenye faili la mipangilio, isizikwe ndani ya msimbo.

2. Wekeni uwezo wa kucheza ndani ya Wi-Fi moja bila intaneti. Simu mbili na hotspot moja zitoshe.

3. Andikeni itifaki yenu kwenye kurasa mbili tu: ujumbe gani unatumwa, kwa mpangilio gani. Kurasa hizo mbili zitamwokolea shabiki miaka miwili.

4. Amueni sasa nini kitafanyika mkichoka. Andikeni kwenye leseni kwamba seva ikikaa bila kuhudumiwa kwa mwaka mmoja, msimbo wake unakuwa huria. Msingoje mtawanyike, mmoja Nairobi na mwingine Qatar.

Na kwako msomaji ambaye huandiki programu: kama una CD, diski au simu ya zamani yenye gemu ya Kenya, usiitupe. Mwaka 2012 baba yake Jordan Mechner alikuta kwenye sanduku diski za msimbo wa Prince of Persia ya mwaka 1989, zilizokuwa zimepotea kwa zaidi ya miaka 20. Wataalamu walizisoma, msimbo ukawekwa hadharani. Gemu iliyopendwa dunia nzima, na nakala ya msimbo ilikuwa kwenye sanduku la mzee. Masanduku ya wazee tunayo pia.

Mashabiki wa Shabana wataelewa hoja yangu kuliko mtu yeyote. Shabana FC ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2006, ikarudi mwaka 2023. Miaka 17. Haikufa kwa sababu ligi inaweza kukushusha daraja, lakini haiwezi kukunyang'anya mpira, uwanja na watu wanaokuja na vuvuzela zao. Kuzima seva ni kitu tofauti na kushushwa. Ni kuondoka na mpira, magoli na nyasi, halafu kuwaambia mashabiki waende nyumbani.

Nimeanza kuandika seva ndogo ya ile gemu ya bodaboda, kwa ruhusa ya wenyewe. Bahati nzuri mmoja wao alihifadhi rekodi za pakiti za siku chache za mwisho. Kwa sasa inajibu hodi na kutoa orodha ya vyumba, mechi yenyewe bado. Mwenye kujua Python kidogo na mwenye uvumilivu mwingi, karibu tusaidiane.